Saa Tano na Nusu Kutoka Doha

Njau aliuawa Jumatatu alfajiri nyuma ya nyumba yao Gatongora. Pigo moja la mpini wa jembe, kisogoni. Mama yake, Warigia, ndiye aliyemkuta saa moja, alipotoka kwenda kukama ng'ombe.

Alasiri Inspekta Mutinda alirudi. Maiti ilikuwa imeshapelekwa mochari, na mpini umefungwa kwenye mfuko wa vielelezo. Wanyoike, ndugu wa marehemu, alikuwa ameketi kando ya mama yao, sanduku lake la safari miguuni.

"Pole, kijana. Umefika lini?"

"Leo saa sita, afande. Nafanya kazi Doha. Nimetoka uwanja wa ndege moja kwa moja."

"Mama, ulijua anakuja?"

"Si alinipigia saa mbili akiwa kwa ndege huko! Huyu hapandi kabla sijamwombea. Nikamwambia nduguyo ameuawa. Tukalia. Nikamwombea hivyo hivyo, na akafika."

Binti wa Mutinda, Wavinya, naye alikuwa ameajiriwa Doha. Mara tatu alikuwa amempokea Nairobi, akihesabu kila dakika. Angani ni safari ya saa tano na nusu, na saa za kule na za huku ni zile zile.

"Bedan," akamgeukia konstebo wake, "mtu akipanda saa mbili Doha, anashuka hapa saa ngapi?"

Bedan akahesabu kwa vidole. "Saa saba na nusu, afande. Na bado foleni ya uhamiaji. Huyu alikuja na roketi?"

"Nipe pasipoti, kijana."

Muhuri wa kuingia ulikuwa wa Jumamosi.

"Ulilala wapi?"

"Lojing'i, Kamakis, hapa karibu."

"Na leo ukapiga simu kutoka huko. Ya nini?"

"Nisingeombewa, mama angejua kuna kitu."

"Ulimuua?"

Wanyoike alitazama mikono yake.

"Baba aliugua wiki tatu akiniita. Njau kwa simu ananiambia ni homa tu. Nikaja kuambiwa ameshazikwa. Jana nimeenda Ngoliba, nikasimama kwa kaburi peke yangu. Leo nikamuuliza Njau, kwa nini? Akasema Doha ni mbali. Mbali, afande! Saa tano na nusu! Hakuongeza neno. Mpini ulikuwa hapo."

Warigia alijishika kichwa.

"Ngai! Njau hana makosa. Ni mimi nilimkataza. Nilijua utaacha kazi ukimbie nyumbani."

"Maitu, mama yangu..."

"Hakukwambia ni mimi?"

"Hakusema."

Kisha Bedan akatoa pingu, polepole.

Njau alizikwa Ijumaa, Ngoliba, kando ya baba yake. Mume mmoja na wana wawili, kwa miezi minne. Warigia alibaki na ng'ombe wake. Wanyoike aliwekwa rumande Thika. Kutoka Gatongora, ni nusu saa tu kwa gari.