Boriti Sita za Royce

Boriti sita zilikuwa zimeyeyuka. Pikapu iliyozibeba ilikuwa palepale uani, mlango wa nyuma umefungwa, bodi imefagiliwa safi.

"Tulizipakia jana jioni, mimi na kaka," alisema Royce Amundrud. "Leo nimekwenda kanisani na mchumba wangu Kaylin, kwa gari lake. Tunarudi, hakuna kitu!"

"Urefu?" aliuliza Inspekta Brekke.

"Futi ishirini kila moja. Ni za paa la nyumba yangu, Inspekta, na theluji iko njiani. Kaylin kasema waziwazi, hapa kwa Baba haji kukaa. Bila paa hakuna harusi."

Brekke aliizunguka ile pikapu. Miaka ishirini na mbili ya upelelezi hapa Montana, hajawahi kuona mwizi akichukua mzigo na kuliacha gari limefagiliwa. Aliwasha injini. Mshale wa mafuta ukapanda hadi mwisho.

"Umejaza lini?"

"Mimi? Ilikuwa robo tangi!"

Hapo ndipo Brekke alipoanza kukasirika. Huku kwetu ukiazima pikapu ya mwenzio, unairudisha tangi limejaa na bodi imefagiliwa. Baba yako anakufunza hujaota hata ndevu. Mwizi wa kuja angeitelekeza barabarani akaenda zake. Huyu alikuwa amelelewa hapahapa, na mikono yake ilifanya kwa mazoea bila kumuuliza.

Kwenye bawaba ya mlango wa nyuma palikuwa na nyuzi nyekundu za sufu. Brekke alizinasa kwa kibano, akazitia katika mfuko wa vielelezo.

"Jana mlifunga kitambaa chekundu nyuma ya mzigo, pale ulipotokeza nje ya gari?"

"Bado. Tungefunga kesho, kabla ya safari."

"Basi mwizi wako kakifunga mwenyewe. Anaiba, na sheria ya barabarani anaifuata. Haya, twende ndani."

Mzee Amundrud alikuwa kitandani, hajainuka tangu apooze. Mwanawe mkubwa, Verlin, alikuwa akimnywesha supu. Mzee alikuwa amefunikwa blanketi jekundu la sufu, na pembe moja haikuwepo.

"Verlin, hili blanketi limefanywa nini?"

"Limechakaa."

"Limekatwa, tena sawasawa."

"Panya, labda."

"Panya wa hapa wanatumia mkasi?"

Verlin aliweka bakuli chini taratibu. Alimfuta baba yake kidevu kwanza, ndipo akageuka.

"Gari langu bodi yake fupi, ndiyo maana nikachukua la Royce. Boriti ziko korongoni, maili tano kwa barabara kuu. Nimezikata kwa msumeno, zote."

"Kaka!" Royce alishika fremu ya mlango. "Wewe? Jana tumekaza mikanda pamoja, tunacheka!"

"Ulicheka wewe."

"Nimekukosea nini?"

"Miaka sita namgeuza Baba kila baada ya saa mbili, asiote vidonda. Tuliahidiana zamu, mimi na wewe, mbele yake. Ukapata mchumba, ukapata kiwanja maili arobaini kutoka hapa, zamu zikafa. Paa likiisha, na wewe ndiyo umekwenda."

"Si ungeniambia!"

"Nimekuambia mara tatu. Ulikuwa unapima mbao."

Royce alitokwa na machozi ya hasira. Ndugu yake wa tumbo moja amemuuza.

"Verlin Amundrud, uko chini ya ulinzi kwa wizi na uharibifu wa mali," alisema Brekke. Pingu zililia.

"Sawa. Ila saa yake imefika, Inspekta. Anatakiwa kugeuzwa."

Brekke alimtazama Royce. Royce alikunja mikono ya shati la kanisani, akaingiza viganja chini ya mgongo wa baba yake, akavuta.

Mzee alipiga ukelele. "Siyo hivyo! Unaniumiza, wewe! Niitieni Verlin."