Uso wa Ma Alistidia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kokuberwa alikaa jikoni na mama yake, Alistidia, wakimenya ndizi za mchana. Hiyo ilikuwa kijijini Ijuganyondo, enzi za Waingereza. Mara nyingi mama aliacha kisu ghafla. Uso wake mweupe uliiva ukawa mwekundu hadi shingoni, kifua kikakoroma, naye akakimbilia chooni.

"Usimwambie mtu habari za tumbo langu, hata baba yako," alisema aliporudi, akihema. "Mtu mzima mimi, nizungumziwe choo changu! Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Tumbo lilifichika. Uso je, ungefichwa wapi? Mama alikuwa katika kundi la waliookoka, na kwao rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa mwiko. Aliyekosa alisimama mbele ya wote akatubu. Jumapili moja, katikati ya wimbo, uso ukamwiva. Ma Joviana, kiongozi wao, akamtazama kwa huzuni.

"Dada Alistidia, tubu. Hiyo ni rubisi."

"Sijanywa, dada."

Nani amwamini? Wakaacha kumpa mkono. Hata kahawa ya kutafuna, ya kukaribishana, ilimpita ikaenda kwa jirani. Wiki zikapita, mama akachoka. Siku moja alisimama akasema kwa sauti ndogo, "Nimekunywa. Nisameheni." Wakapiga makofi, wakaimba kwa furaha. Jamani! Mtu anashangiliwa kwa dhambi asiyoitenda! Kokuberwa alijua mama yake hajaonja hata tone. Aliinama akalia, lakini ahadi ilimfunga mdomo.

Baba yake, Kashaija, alipopata habari alinuna. Hakumsemesha mkewe vizuri tena. Miguu ya mama ilipoanza kuvimba, kisha tumbo, baba alisema ni malipo ya pombe. Lakini siku mama aliposhindwa kupanda mwinuko kutoka kisimani, baba alimpakia kwenye baiskeli, wakaenda hospitali mjini, Kokuberwa akishikilia nyuma.

Daktari, Mzungu mwembamba, alisikiliza moyo wa mama kwa muda mrefu. Muuguzi Elieza akatafsiri maswali yake.

"Anakunywa pombe?"

"Amekwisha tubu," alijibu baba.

"Ana shida nyingine?"

"Sina, waitu," mama alisema upesi kwa adabu, akimkazia bintiye macho.

Kokuberwa aliwaza. Amri ya mama ni amri. Lakini akinyamaza sasa, mama atatibiwa ulevi asio nao, na atakufa.

"Mama hanywi!" akapaza sauti. "Tumbo linamwendesha kila siku, tangu mwaka jana! Uso unamwiva hata kabla hajala kitu!"

Mama akajifunika uso kwa khanga. Baba akageuka. "Mbona ulitubu?"

"Nilichoka, Baba Kokuberwa," mama alisema. "Nilitaka tu wanipe mkono tena."

Daktari alishuku ugonjwa mwingine, mkojo wake ukapelekwa Kampala kwa meli ukapimwe. Majibu yaliporudi, Elieza aliwaeleza polepole.

"Kuna uvimbe kwenye utumbo, nao umefika kwenye ini. Unamwaga kemikali ziitwazo homoni ndani ya damu. Homoni hizo ndizo zinazoivisha uso na kuendesha tumbo. Zimekakamaza hata vali, yaani vilango vya moyo vya upande wa kulia. Havifungi vizuri, damu inarudi nyuma, na maji yanajaa miguuni. Si pombe kabisa."

"Na dawa?" aliuliza baba.

"Tutampunguzia maji. Vilango hatuwezi kuvitengeneza. Angekuja mapema, pengine uvimbe ungekatwa. Pengine."

Baba alilia palepale, mbele ya watu.

Habari zilimfikia Ma Joviana. Alikuja na kundi zima, akasimama mbele ya kitanda cha mama. "Leo anayetubu ni mimi. Nilikulazimisha kusema uongo mbele za Mungu." Mama alinyoosha mkono, nao wakaushika mmoja mmoja, wakilia.

Alifariki kahawa zilipoanza kuiva. Alizikwa kwenye kibanja, shamba la kuzunguka nyumba, karibu na migomba aliyoipanda mwenyewe.

"Baba, ningesema mapema," Kokuberwa alisema baada ya mazishi.

"Wewe ulikuwa mtoto, ukatii," alijibu Kashaija. "Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini mama yako alificha kwa kuwa alituogopa sisi. Maradhi si aibu, mwanangu. Ukiumwa, sema. Mwenzako akiumwa, muulize kabla hujamhukumu. Mimi mumewe sikumuuliza hata mara moja."

Kesho yake, Kokuberwa alimkuta baba yake jikoni, ameshika kisu, akimenya ndizi vibaya vibaya.

"Umeamkaje?" baba alimuuliza. "Kichwa? Tumbo? Niambie yote."

Kokuberwa akakaa kwenye kigoda cha mama, akamwambia.