Mlima wa Udongo

Kila asubuhi, kule kijijini Kingi, Athanasie alikwenda shambani kuvuna maharage. Mume wake, Sebahire, alibaki nyumbani. Mlango ulifungwa kwa nje.

Mwaka uliopita, 1953, Sebahire alikuwa akichimba dhahabu mlimani Omate, upande wa Walikale. Siku moja baruti ililipuka kabla ya saa yake. Shimo likaanguka. Rafiki yake, Honoré, alifunikwa humo, na mwili wake haukupatikana. Sebahire alitolewa akiwa hai, lakini macho yake yalikufa.

Alirudi nyumbani bila kusema neno. Alikula kidogo sana. Mara mbili alijigonga kichwa ukutani mpaka damu ikatoka.

Polycarpe, muuguzi wa dispensari, alikuja kumtibu.

"Mama Athanasie, juu ya nini unamufunga?"

"Naogopa, Papa. Ataanguka. Na watu wanamucheka."

"Muntu asiyeona haiko mufungwa. Macho haitarudia, sitakudanganya. Lakini kuko kidonda ingine ndani ya roho. Kama mudomo inakataa kusema, mikono inaweza kusema."

Siku ya pili alileta udongo wa kufinyanga. Alijitaja kabla ya kumgusa Sebahire.

"Njo miye, Polycarpe. Udongo iko mbele yako, upande wa kuume. Fanya unachotaka. Kama hautaki, acha."

Sebahire aliutupa ukutani. Polycarpe hakukasirika. Kesho yake akaleta mwingine.

Siku ya tano, vidole vya Sebahire vilianza kuufinya. Alitengeneza kitu, akakivunja. Akatengeneza tena.

"Nimuonyeshe namna ya kufanya chungu?" Athanasie aliuliza.

"Hapana, Mama. Hatutafute chungu. Muache atoe kile kiko ndani yake."

Baada ya wiki mbili, Sebahire alikuwa amefinyanga mlima. Ubavuni mwa mlima huo palikuwa na tundu. Aliingiza kidole humo, akalia sana.

"Honoré," alisema. Halafu akasema, "Muniitie Thacienne."

Thacienne alikuwa mjane wa Honoré. Alipofika, Sebahire alishika kidole cha Thacienne, akakiongoza ndani ya tundu.

"Hapa njo tuliingia. Hapa tuligeuka. Yeye alikuwa mbele. Aliniita mara tatu. Sikuweza kumufikia."

Thacienne hakutoa kidole upesi.

"Namuombea kila siku," alisema, "na sikujua fasi alilala. Sasa najua."

Tangu siku ile Athanasie hakufunga mlango tena. Sebahire alianza kula. Alijifunza kutembea na fimbo, na alipukuchua maharage pamoja na mke wake. Siku zingine huzuni ilimrudia. Siku hizo Athanasie alimwekea udongo, akamwacha afinyange kwa utulivu.

Thacienne aliomba apewe ule mlima. Alichimba kaburi la Honoré nyuma ya nyumba yake, akauweka humo, akasimika msalaba kando. Wakristo wa Kingi walikuja kusali. Sebahire alitembea mwenyewe mpaka pale, akapiga magoti, akamwaga konzi ya kwanza ya udongo kaburini.