Nani Amemfuta Chiriku?

"Fundi, uko wapi?"

"Juu ya lifti, ghorofa ya saba. Nina bisibisi mdomoni. Kuna nini?"

"Itoe hiyo bisibisi unijibu vizuri. Kwa nini umemfuta mwanangu?"

Upande wa pili minyororo ikagongana, na mtu akapiga kelele kwa mbali, "Usiwashe kwanza!"

"Nimemfuta vipi tena?"

"Usijifanye hujui. Kama hututaki, njoo useme ana kwa ana. Usipitie kwenye maandishi kama mwizi."

Dada aliyepiga akakata simu.

Jamani, huyu dada hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, na kazi yake yote ni kusoma faili ambalo watu kumi wameliandika pamoja mtandaoni, kisha kujua nani ameweka nini na nani ameondoa nini. Mtu wa mauzo akiharibu kalenda, yeye anafungua historia ya mabadiliko, anasonta jina, mtu anaishiwa maneno. Ndiyo maana mchumba wake, fundi wa lifti, alimpa jina la Mhariri.

Harusi ilikuwa Jumamosi, yaani keshokutwa. Mshereheshaji alitaka hadithi ya mapenzi yao aisome mbele ya wageni, na walikuwa wakiiandika wote wawili kwenye faili moja, huyu akiwa ofisini, yule popote lifti ilipokwama. Aya ya mwisho aliiandika Fundi mwenyewe: "Hawaanzi wakiwa wawili. Wanaanza watatu, kwa sababu Chiriku mwenye miaka minane ndiye aliyemkubali bwana harusi kwanza, mama yake akafuata."

Chiriku ni binti wa Mhariri. Jina lake ni jingine, ila anaongea asubuhi hadi jioni, basi likamganda hilo. Siku Mhariri alipoisoma ile aya, alienda kujifungia chooni kazini akalia mpaka wanja ukaisha.

Sasa leo anafungua faili alisafishe alitume, aya haipo! Mahali pake pamekaa sentensi moja kavu: "Wanaanza maisha yao wakiwa wawili."

Akafungua historia. Mabadiliko yake yeye huwa na rangi ya waridi, ya Fundi kijani. Pale palikuwa kijani kitupu. Jina la Fundi, jana mchana.

"Labda amekosea tu, kidole kikateleza," alisema mwenzake wa meza ya pili.

"Kidole hakiandiki sentensi nzima, dada yangu."

Baba yake Chiriku naye alianza hivyo hivyo. Kwanza aliacha kumtaja mtoto, kisha akaacha kuja, kisha simu ikawa haipatikani. Mhariri aliapa hatarudia kuumwa vile. Na mtoto mwenyewe alikuwa na siku mbili hasemi sana, ukimuuliza anasema amechoka. Je, Fundi amemwambia kitu?

Simu ikaita kwa ujumbe. Fundi: "Nakuja hapo. Usitume hilo faili. Na mtoto usimwambie chochote."

Mtoto asiambiwe! Kwa nini asiambiwe? Mhariri akausoma tena na tena, na kila akiusoma ulizidi kuwa mbaya.

Fundi alifika na ovaroli lake, grisi mpaka kwenye sikio. Wakasimama kwenye ngazi za nyuma, Mhariri kaikumbatia kompyuta yake ya mkononi kifuani.

"Mpenzi, nakuapia, sijaigusa ile aya."

"Jina lako hili hapa."

"Jana mchana nilikuwa chini ya shimo la lifti. Huko hata mtandao haushuki."

"Kila ninayemkamata husema hakuwa na mtandao."

"Mimi ni kila mtu?"

"Mbona ulisema nisimwambie mtoto?"

"Kwa sababu ataumia! Ungependa ajue kuna mtu amemwondoa kwenye harusi ya mama yake?"

Sauti yake ilikatika mwishoni. Mhariri akaisikia, ila hasira bado ilikuwa imemkaba.

"Haya, kaa. Usinibishie kwa maneno. Nitakufungulia hatua moja moja, uone mwenyewe ulivyofanya."

Na hatua hizo ndizo alizokuwa ameziruka kwa hasira. Alikuwa ametazama mwanzo na mwisho tu. Sasa akarudi katikati, akabonyeza polepole, Fundi akichungulia begani.

Hatua ya kwanza, aya nzima ipo.

Iliyofuata, "watatu" limefutwa, limeandikwa "wawili".

Iliyofuata, kumeongezwa maneno: "Chiriku atakaa kwa bibi."

Kisha maneno hayo yakaondolewa. Yakaja mengine: "Chiriku atakuja kusalimia siku za likizo." Nayo yakafutwa. Mwisho ikabaki ile sentensi kavu.

Fundi akakuna kichwa. "Tableti yangu iko wapi?"

"Kwangu. Si ulimwachia Chiriku afanyie kazi za..."

Hakumalizia. Akaketi kwenye ngazi. Tableti ya Fundi, akaunti ya Fundi, rangi ya Fundi. Pale kazini kila mtu ana mashine yake na neno lake la siri, akasahau kwamba nyumbani kitu kimoja kinashikwa na watu watatu. Jina alilikamata sawasawa. Mkono ulikuwa wa mwanawe.

"Lakini nani kamwambia atakaa kwa bibi?" Fundi aliuliza. "Mimi hilo neno sijawahi kulitamka. Nani kamwambia?"

Mhariri aliifunga kompyuta.

"Mhariri?"

"Juzi Shangazi yako alikuja nyumbani kunisalimia."

"Najua. Ukasema mmeongea vizuri."

"Aliniuliza, 'Na huyu mtoto, mkishaoana si atabaki kwa bibi yake?' Nikasema..." Akaanza upya. "Nikasema ndiyo, Shangazi, atabaki. Nilitaka yaishe tu. Niliona nikimbishia ataivuruga harusi. Chiriku alikuwa chumbani, mlango uko wazi."

Fundi alimgeukia. Alisema chini chini.

"Mwezi mzima nagombana na ukoo wangu kwa ajili ya mtoto huyu. Nimewaambia asiyemtaka yeye hanitaki mimi. Halafu wewe mama yake unamtoa kwa kikombe kimoja cha chai?"

"Hukuniambia unagombana nao!"

"Sikutaka upate presha. Na mimi je, asubuhi hii? Hata kuniuliza hukuuliza. Ulinihukumu nikiwa juu ya lifti."

"Nisamehe."

"Ya kwangu tutayaongea baadaye. Twende nyumbani kwanza."

Walimkuta Chiriku ametoka shule, anapanga madaftari kwenye begi. Begi kubwa, si lile la shule.

"Mwanangu, ile aya uliifuta wewe?"

"Eeh. Nilikosea nukta?"

"Hukukosea nukta. Nani alikutuma?"

"Hakuna." Akaendelea kupanga. "Wewe ulimwambia Shangazi nitakaa kwa bibi. Halafu kwenye faili imeandikwa tutakuwa watatu. Nikaona mmesahau kurekebisha. Si ulinifundisha maandishi yakisema uongo lazima yasahihishwe? Watu wangesikia uongo kwenye harusi yako."

Fundi akageukia dirishani, akajifanya anatazama nje. Mhariri alipiga magoti sakafuni.

"Uongo haukuwa kwenye faili, mama. Uongo niliusema mimi. Nilimdanganya Shangazi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa asinipende."

Chiriku akafikiri. "Kwa hiyo ukaona bora mimi niondoke."

Lo! Mtoto hakusema kwa hasira, alisema kama anayesoma jibu la hesabu, na ndiyo maana likauma zaidi.

"Shangazi anajua ulimdanganya?"

"Bado."

Chiriku akachukua daftari jingine, akaliweka begini.

Mhariri akatoa simu. Fundi akanyoosha mkono. "Nipe niongee naye, huyo namjua."

"Hapana. Mdomo uliosema ni wangu." Akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Haloo, mkamwana!"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Maua mmepata?"

"Tumepata. Shangazi, juzi nilikudanganya. Nilisema mtoto atabaki kwa bibi yake. Habaki. Nilipo mimi naye yupo."

Upande wa pili kikombe kilitua mezani.

"Na mwanangu anasemaje?"

"Niko hapa, Shangazi," Fundi akasema. "Nasema hivyo hivyo."

"Haya. Mmeshakuwa wakubwa. Jumamosi msinihesabu."

Shangazi akakata. Mhariri alibaki ameishika simu. Alichokuwa akikiogopa tangu juzi kimekuja chote kwa mara moja.

"Amekasirika," Chiriku akasema.

"Sana."

"Na hujabadilisha maneno."

"Sijabadilisha. Sitabadilisha."

Mtoto akamtazama, akamtazama tena. Kisha akageukia begi, akatoa daftari moja, la pili, la tatu. "Lakini ile aya ilikuwa na kosa jingine. Mmeandika nina miaka minane. Mimi nimeshatimiza tisa."

Fundi alicheka huku akijifuta macho, grisi ikampaka uso mzima.

Jumamosi ikafika. Shangazi naye, baada ya kitisho chake, alifika amechelewa, kilemba kikubwa, akakaa mbele bila kumsalimia mtu. Mambo yakaenda vizuri mpaka mpiga picha alipoita, "Familia! Familia tu, njooni mbele!"

Wajomba wakasukumana, binamu wakajipanga. Chiriku alibaki ukutani ameshika mkoba wa mama yake. Alimtazama mama, akamtazama Shangazi, miguu isiondoke.

"Familia tu," Shangazi akakazia kwa sauti, "wengine wapishe."

Mhariri akaikumbuka siku ile Shangazi alipomjia nyumbani. Fundi alimgeukia. Alimwachia yeye aseme.

"Mpiga picha, usipige!" Mhariri alipaza sauti, ukumbi mzima ukageuka. "Mwanangu hajafika. Chiriku, njoo hapa, kaa katikati yetu!"

Chiriku alianza kukimbia, akakumbuka mkoba. Akasimama mbele ya Shangazi, akamwekea mikononi.

"Nishikie, Bibi."

Na Shangazi, kabla hajajua afanye nini, akaushika.