Mashine Ilipojibu kwa Lugha Yake

Jua lilikuwa linazama Mtaalamu wa kompyuta aliposhuka chumba cha chini cha hospitali. Kazi ndogo tu, alijipa moyo. Friji ya damu imegoma, na haifunguki mpaka mfumo umpate mgonjwa kwa jina. Mgonjwa mwenyewe ni mdogo wake wa pekee, ametoka kujifungua na damu haikatiki.

Mfumo aliuandika yeye. Jina likiingia kwa herufi kubwa, unaligeuza herufi ndogo, kisha unalitafuta. Sasa, kila lugha ina kanuni zake za kugeuza herufi. Mtaalamu, kwa uvivu wake, hakuchagua kanuni. Aliacha programu iiulize mashine: hapa tunatumia lugha gani? Miaka yote mashine ilijibu vizuri.

Akawasha skrini. Jina la mdogo wake lilikuwa limegeuzwa... lakini herufi zile, mama yangu! Hakuwahi kuziona popote.

Akabadili lugha ya mashine. Ikakubali.

Ikajirudisha yenyewe.

Akaandika kanuni ndani ya programu. Akahifadhi. Akafungua tena... mstari wake haupo. Harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi jipya, ikajaa chumba. Nyuma ya makabati ya mashine kitu kikaanza kunong'ona, polepole, kama mtu anayejifunza kusoma.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi.

"Kaka, fanya haraka. Anatuponyoka."

"Ivunjeni hiyo friji!"

"Wamejaribu kwa nondo. Wapi!"

Mtaalamu akapiga magoti, mtu mzima na ndevu zake, akalia. "Nawaomba," akanong'ona kuelekea gizani. "Mwacheni. Sina mwingine."

Mnong'ono ukakatika.

Skrini ikaandika: MGONJWA AMEPATIKANA.

Akapanda ngazi mbio, akicheka na kulia. Friji wazi. Muuguzi amesimama na mfuko wa damu mkononi. Kitanda kitupu.

"Ndugu zenu wamemchukua sasa hivi," muuguzi alisema.

"Ndugu gani? Tumebaki wawili tu!"

"Walisimama mlangoni wakamwita kwa jina... sijui jina gani lile." Muuguzi akageuka kutazama mlango. "Akaamka, kaka. Akaitika."

"Na mtoto?"

"Wamemwacha. Walisema huyu bado hana jina."

Mtoto sasa anatembea, anaongea, anauliza maswali. Anataka kujua kwa nini wenzake wote wana majina. Mjomba wake humkumbatia tu, kisha huenda kufunga mlango.