Kinasania

Farasi mweusi aliinuka mwenyewe, akamruka askari mmoja, akatua. Hakuna mkono uliomgusa. Tunu Semkiwa alikuwa ameweka mikono mapajani, na kichwani amevaa kinasania, utepe wa madini unaonasa nia ya mchezaji kabla hajaitamka na kuituma kwenye ubao wa sataranji.

Zamani sheria ilikuwa ukigusa kete, umecheza. Siku hizi ukiitamani tu, umecheza, na majuto ni mjukuu. Fainali mbili Tunu alizipoteza kwa tamaa ya sekunde moja. Mwaka huu alijifunza dawa yake: kila kinachovutia akikate kabla hakijamea. Alianza na kete, akaendelea na nyimbo, chai ya tangawizi, hata usingizi wa mchana. Sasa alikaa kama mtu aliyejifungia chumbani na kuumeza ufunguo.

Mbele yake alikuwa Mzee Mpangala, bingwa kwa miaka saba, ambaye dawa hiyo ndiye aliyeianzisha. Farasi yule alikuwa chambo. Atakayemla, malkia wake kwisha.

"Mtego huo naujua, binti," mzee alisema.

"Najua unaujua, mzee."

"Lakini ni farasi mzuri, jamani."

Malkia mweupe akateleza, akamla farasi. Ukumbi mzima wa Dodoma uliguna. Papo hapo ngome ya Tunu ikamla malkia.

Mpangala alivua kinasania chake akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Miaka saba sijatamani kitu, mwanangu. Mke wangu nilimzika, na hata kutamani arudi sikuweza. Leo nimetamani farasi! Acha nishindwe."

Tunu hakumwelewa. Mwamuzi alikusanya vinasania vyote viwili, kombe likatolewa, picha zikapigwa.

Nje ya ukumbi mama yake alipiga simu, sauti imejaa vigelegele. "Hongera, mama'ngu! Leo useme mwenyewe nikupikie nini."

Tunu alifikiri. Pilau ilimjia, ikakatika. Ndizi za nazi nazo zikakatika kabla hajazionja. Alisubiri kingine kije, hakikuja.

"Tunu? Unataka nini, mwanangu?"

Akapeleka mkono kichwani haraka avue kinasania. Vidole vikakuta nywele tupu.