Mwendeshaji Aliyekuwa Ndani

Asubuhi ile chumba cha mtambo kilinuka udi, na hakuna aliyefukiza. Witness akafungua dirisha linalotazama mdomo wa Ruvuma ili harufu itoke. Haikutoka.

Yeye na mwenzake Erasto, mtu wa Singida, kazi yao ilikuwa kugundua droni zinazovuka mto kabla hazijafika mjini. Mtambo ukinasa mawimbi, kioo huonyesha droni ilipo, na kwa alama nyekundu, mahali aliposimama anayeiendesha.

Mtambo ukalia. Droni juu ya mikoko. Erasto akatoka na darubini. Anga tupu, hata mvumo hakuna.

"Mwendeshaji yuko wapi?" akauliza aliporudi.

Witness alinong'ona, "Yumo humu."

"Mtambo mbovu huo!" Erasto akacheka, akaelekea mlangoni. Alama ikamfuata. Akafika kwenye uzio, nayo ikafika. Akaanza kukimbia kuelekea mikokoni, na Witness, aliyeganda mbele ya kioo huku harufu ya udi ikizidi, akaona alama ile haimfuati tena bali imesimama pale pale alipo Erasto, na droni ikishuka taratibu, ikishuka, mpaka vyote viwili vikawa nukta moja.

Witness na mlinzi wa getini walimkuta amekaa matopeni, akisema Kimakonde kwa sauti ya kike. Erasto hakujua hata salamu ya lugha hiyo.

Mkewe Raheli, mlokole, alikataa mganga mpaka Erasto aliposhindwa kumeza maji. Ndipo akaitwa Bi Somoe wa Ufukoni. Akamfukiza, akamsomea, kisha akamwinamia sikioni.

"Wewe nani?"

"Mpita juu," sauti ikajibu. "Hawa humuuliza kila apitaye juu yeye ni nani. Nimeshuka niwajibu."

"Umeshajibu. Toka!"

Erasto akatetemeka mwili mzima, akapiga chafya, akaomba uji. Raheli akalia kwa furaha.

Erasto akaomba uhamisho, akarudi Singida na mkewe. Baada ya Pasaka Raheli alimpigia Witness simu, akiongea kwa sauti ya chini.

"Mzima, dada. Anakula, anasali. Ila kuku... Akitoka tu uani, wote wanakimbilia jikoni, kama wameona mwewe."

"Watakuwa wanamwogopa, Raheli. Bado mgeni kwao."

"Hawamtazami yeye, dada. Wanatazama juu."